Mnyoo bapa wa ini: upime kinyesi, damu, maziwa au ungoje kichinjio?

Ng'ombe akikonda Ahero, karibu na Kisumu, Kenya, mwezi wa saba, manyoya yamemsimama na chini ya taya kunaning'inia mfuko laini wa maji, jirani atataja mnyoo wa ini kabla hujamaliza kusimulia. Mara nyingi hakosei. Lakini kukonda na kupungukiwa damu huletwa pia na nagana, ndigana baridi na minyoo ya tumbo, na kila ugonjwa una dawa yake. Anayenunua chupa kwa kukisia anaweza kutibu ugonjwa usiokuwepo na kuuacha uliopo.

Vipimo vipo, tena si haba. Ila swali la "kipi bora" halina jibu, kwa sababu kila kipimo hujibu swali la wakati wake. Njia nyepesi ya kukumbuka ni viambishi vya wakati. Kingamwili za damu, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza kupambana na mnyoo, husema -me-: mnyama amekutana na mnyoo. Mayai kwenye kinyesi husema -na-: ana minyoo mikubwa inayotaga leo. Antijeni ya kinyesi, yaani majimaji ya mnyoo mwenyewe, nayo husema -na-, ila huanza kusema mapema kuliko mayai na hunyamaza mapema baada ya dawa. Ini la kichinjioni husema -li-: alikuwa nayo, pengine miaka miwili iliyopita. Anayepima kwa -me- huku anataka kujua -na- ndiye anayelalamika baadaye kwamba maabara imemdanganya.

| Kipimo | Kinachoonekana | Huanza kuonyesha lini | Kinafaa zaidi kwa |
|---|---|---|---|
| Kutuamisha kinyesi na kuangalia kwa hadubini | Mayai | Wiki 13 hadi 16 | Kundi la ng'ombe, gharama ndogo |
| Antijeni ya kinyesi (ELISA, kipimo cha maabara kinachosomwa kwa rangi) | Majimaji ya mnyoo aliye hai | Wiki kadhaa kabla ya mayai | Kuhakikisha dawa imefanya kazi |
| Kingamwili za damu (ELISA) | Kumbukumbu ya maambukizi | Wiki 2 hadi 4 | Ndama, utafiti wa eneo |
| Kingamwili za maziwa | Kumbukumbu ya kundi | Kama damu, kwa udhaifu zaidi | Vyama vya wafuga ng'ombe wa maziwa |
| Ini kichinjioni | Minyoo na makovu | Mnyama akishakufa | Kujua eneo lina tatizo au halina |

Mnyoo unaotusumbua kwenye nyanda za joto za Kano, Nyando, Bunyala na kingo za Ziwa Viktoria ni Fasciola gigantica, anayekuzwa na konokono wa majini aitwaye Radix natalensis. Binamu yake, Fasciola hepatica, hupenda nyanda za baridi na konokono mdogo wa matope. Tofauti hiyo ina uzito wake kwa mpimaji. Hepatica huanza kutaga wiki 10 hadi 12 baada ya kumezwa, gigantica huchukua wiki 13 hadi 16. Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa hepatica wa Ulaya, na tarehe zake huwapotosha watu wa Kano kwa mwezi mzima.

Kalenda kabla ya chupa

Januari na Februari nyasi za juu hukauka, na ng'ombe hushushwa kwenye majaruba, mifereji ya mpunga na kingo za mto Nyando. Ni huko mabuu ya mnyoo yamejifunga kwenye mashina ya nyasi, sentimita chache juu ya maji, yakingoja kuliwa. Ng'ombe aliyeyameza mwishoni mwa Januari hataonyesha yai hata moja kabla ya mwisho wa Aprili, na pengine hadi katikati ya Mei. Ukimpima Machi utapata sifuri safi. Sifuri hiyo ni ya kweli kwa mayai na ni ya uongo kwa ini, maana wakati huo minyoo michanga inachimba nyama ya ini au ndiyo kwanza inaingia kwenye mirija ya nyongo.

Basi kabla ya kuchagua kipimo, hesabu nyuma: mifugo ilianza kulishwa mahali pa maji lini? Na usidanganywe na banda. Ng'ombe asiyetoka bandani Njoro au Kisumu Magharibi anaweza kuambukizwa kwa nepia iliyokatwa ukingoni mwa kinamasi, au kwa mabua mabichi ya mpunga yaliyoletwa na gari. Muulize anayekata majani ni wapi anakokata. Jibu lake lina thamani kuliko nusu ya vipimo.

Kinyesi na hadubini: kipimo cha watu wengi, na makosa yake

Hiki ndicho tunachokipendekeza kwanza kwa kikundi cha wafugaji, na ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kosa la kwanza ni kutumia maji ya chumvi. Mtaalamu aliyezoea kuhesabu mayai ya minyoo duara huyaelesha kwenye chumvi iliyokolea na kuyasoma juu. Yai la mnyoo bapa ni zito na lina kifuniko. Kwenye chumvi huzama chini, naye anasoma juu na kuandika "hakuna". Ukipewa jibu la "hakuna" uliza tu: mliyaelesha au mliyatuamisha? Wakisema waliyaelesha kwa chumvi, jibu hilo halihusu mnyoo wa ini hata kidogo.

Kutuamisha kwenyewe kunahitaji vyombo vya jikoni na hadubini moja. Chukua kinyesi moja kwa moja kwenye njia ya haja kwa mkono wenye glavu, si kile kilichokaa chini, kwa sababu kilicho chini huokota vijidudu vya udongo na hujui ni cha nani. Pima gramu 10. Koroga katika mililita 100 hivi za maji safi hadi yasibaki madonge. Tone moja la sabuni ya maji husaidia mayai kuachana na makapi. Chuja kwa chujio la chai, suuza makapi kwa maji kidogo, kisha jaza chombo. Kina cha maji kisizidi sentimita 10 hivi, maana dakika 5 za kutuama zimehesabiwa kwa kina hicho. Ukitumia chombo kirefu kama chupa ya soda, yai la juu halijafika chini unapoanza kumwaga.

Baada ya dakika 5 mwaga maji ya juu polepole kwa mkupuo mmoja bila kurudisha chombo wima katikati, na uache mara tu uonapo mashapo yanaanza kutembea. Hapa ndipo mayai mengi hupotelea: mkono una haraka, foleni ni ndefu, maji yanamwagwa kama ya kuosha vyombo. Jaza tena, ngoja dakika 5, mwaga. Rudia mpaka maji ya juu yawe meupe, kwa kawaida mara tatu au nne. Mashapo yaliyobaki yahamishie kwenye sahani bapa yenye mistari, tia tone moja au mawili ya rangi ya methilini buluu ya asilimia 1, kisha soma sahani yote kwa ukuzaji wa mara 40. Mashapo yakiwa mazito kama uji, yapunguze kwa maji au uyagawe sahani mbili. Yai lililofunikwa na makapi ni sawa na yai lisilokuwepo.

Sasa, yai lenyewe. Lina umbo la yai la kuku lililorefushwa, ganda jembamba, kifuniko kidogo upande mmoja, urefu wa mikromita 150 hadi 190 hivi, na rangi ya strungi ukiishika kwenye jua: manjano inayoelekea dhahabu. Rangi ya buluu hupaka kila kitu kando yake na kuliacha yai na umanjano wake. Jirani yake wa kufananishwa ni yai la mnyoo wa tumbo la kwanza, yule mdogo mwenye umbo la punje anayeganda kwa mamia kwenye matumbo tunayouziwa sokoni. Ukubwa unakaribiana, kifuniko kipo, ila lile ni jeupe la kijivu kama kioo kilichopata mvuke, na chembe zake za ndani huonekana wazi. Kanda ya ziwa ina wengi wa mnyoo huyo, hivyo mpimaji asiyetumia rangi huandika mnyoo wa ini kwa ng'ombe mwenye mnyoo wa tumbo. Maji nayo yana hila zake: ukitumia maji ya mtaro utayakuta majani madogo ya majini yenye rangi ya dhahabu, na saa nzima imepotea.

Kwa nini gramu 10 na si 3? Ng'ombe hutoa kinyesi kingi kwa siku na mayai hupotea humo kama chumvi kwenye sufuria ya harusi. Tuseme mnyama anatoa yai 1 kwa kila gramu 5. Katika gramu 3 unatarajia mayai 0.6, na uwezekano wa kutokuta hata moja ni asilimia 55. Katika gramu 10 unatarajia mayai 2, na uwezekano wa kukosa hushuka hadi asilimia 14 hivi. Hesabu hii inachukulia kwamba hakuna yai linalomwagwa na maji, jambo ambalo halitokei. Na kwa kuwa nyongo haitoki sawasawa kila saa, kupima mnyama huyo huyo siku mbili tofauti kuna faida kuliko kupima mara mbili kutoka kwenye fungu moja la kinyesi.

Kwa kikundi, njia ya kuchanganya huokoa pesa: ng'ombe 10 wa malisho mamoja, kijiko sawa kutoka kwa kila mmoja, koroga vizuri, toa gramu 10 za mchanganyiko. Kila mnyama amechangia gramu 1. Mmoja tu akiwa na mayai 5 kwa gramu, mchanganyiko utakuwa na nusu yai kwa gramu na sahani itaonyesha mayai 5 hivi. Lakini yule wa yai 1 kwa gramu 5 atazama humo asionekane. Mchanganyiko hujibu swali la malisho, hausemi lolote kuhusu ng'ombe mmoja, Nyakech au Zabibu, peke yake. Usichanganye ndama wa miezi mitatu na ng'ombe wazima. Ndama hao hawajafikia umri wa kutoa mayai na kazi yao itakuwa kupunguza ukali tu.

Jambo moja zuri la kipimo hiki: mayai ya mnyoo bapa ni mavumilivu. Ya minyoo duara huanguliwa ndani ya siku moja au mbili za joto la Kisumu, haya hukaa. Kinyesi kilichofungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji hungoja siku kadhaa bila hasara ya maana. Kisigandishwe tu, ikiwa kinaenda kwenye hadubini.

Kondoo hawangoji

Kondoo, na mbuzi kiasi, hufa kabla ya wiki ya 13. Kondoo waliolishwa mahali pachafu wanaweza kufa ghafla kwa sababu maelfu ya minyoo michanga yanatoboa ini kwa pamoja, damu inamwagikia tumboni, na kinyesi chao hakina yai hata moja. Hapo kipimo cha bei nafuu na cha haraka kuliko vyote ni kisu: mpasue aliyekufa leo. Ini lililovimba, lenye vijia vyekundu vya damu juu yake na maji mekundu tumboni, linatosha kuamua hatua ya mchana huo, huku sampuli zikienda maabara kuthibitisha. Kungoja mayai ni kungoja mazishi ya wengine. Ila vaa glavu, na akitoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usimpasue kabisa: hiyo ni dalili ya kimeta, na anayeitwa ni daktari wa mifugo.

Antijeni ya kinyesi

Kipimo hiki hutafuta majimaji anayotoa mnyoo ndani ya mirija ya nyongo. Mnyoo aliyekufa hatoi kitu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi, pima siku ya dawa, kisha baada ya wiki 2. Kikigeuka hasi, minyoo imekufa. Mayai hayakupi jibu hilo haraka hivyo, kwa sababu kifuko cha nyongo huendelea kumwaga yale yaliyokuwa yamehifadhiwa hata minyoo ikishakufa. Kwa mayai ngoja wiki 3 au zaidi.

Ubaya wake ni vifaa. Sahani ina visima 96, sampuli moja mara nyingi hula visima viwili, vingine ni vya vidhibiti (sampuli ambazo majibu yake yanajulikana), kwa hiyo sahani nzima humeza sampuli 40 na ushei. Inahitaji msomaji wa rangi, umeme usiokatika na friji ya vitendanishi. Kuifungua kwa ng'ombe watatu ni hasara. Kikundi kikikusanya sampuli za vijiji vinne na kuzigandisha, hesabu inabadilika. Ndiyo, kwa kipimo hiki kugandisha kunaruhusiwa, kinyume cha hadubini. Chupa mbili kwa kila mnyama basi, moja ya friji, moja ya barafu, na usizichanganye.

Na tahadhari kuhusu dawa. Albendazoli kwa kipimo cha mnyoo wa ini (miligramu 10 kwa kilo kwa ng'ombe, si 7.5 ya minyoo duara) huua minyoo mikubwa tu. Oksiklozanidi vivyo hivyo. Triklabendazoli, miligramu 12 kwa kilo kwa ng'ombe na 10 kwa kondoo, hufikia hadi minyoo michanga. Kwa hiyo ukitumia albendazoli Mei, kipimo kikawa hasi baada ya wiki 3, kisha mayai yakarudi Julai, usikimbilie kusema dawa imezoeleka. Minyoo iliyokuwa michanga Mei imekua tu. Sababu nyingine ya kawaida ni uzito wa kukisia: fahali wa kilo 350 akipewa dawa ya kilo 250 kwa sababu "anaonekana hivyo". Kamba ya kupimia kifua hugharimu kidogo na hutofautisha dawa iliyoshindwa na mtu aliyeshindwa. Soma pia lebo kuhusu maziwa, na kuhusu mimba changa kwa albendazoli.

Damu na maziwa

Kingamwili huonekana kuanzia wiki ya 2 hadi ya 4, kabla ya kipimo kingine chochote. Kisha hukataa kuondoka: miezi baada ya tiba iliyofaulu bado zimo. Kwa ng'ombe mzima wa Kano aliyezaliwa na kukulia humo humo, jibu chanya halikuambii zaidi ya ulichokijua ulipouliza anakotoka. Kwa ndama aliyeachishwa na kwenda malishoni kwa mara ya kwanza mwaka huu, jibu hilo hilo ni dhahabu, maana hana historia nyingine: ameambukizwa msimu huu, kwenye malisho haya. Ndama wachache, 8 au 10, waliopimwa damu mara moja mwishoni mwa kiangazi hukuambia kama malisho ni machafu, mapema vya kutosha kuchagua dawa inayoua michanga. Wasiwe wachanga mno: maziwa ya kwanza ya mama hubeba kingamwili zake, na ndama wa wiki chache atasomeka chanya kwa deni la mama.

Damu ikae kivulini hadi igande na seramu itengane. Bomba likitikiswa kwenye bodaboda kutoka Muhoroni juani, chembe nyekundu hupasuka na seramu huwa nyekundu. Maabara nyingi huikataa, na zinafanya haki.

Maziwa yanavutia kwa Nakuru kuliko kwa Kisumu, kwa sababu huko kuna vyama vya maziwa na matangi ya kupozea. Hakuna sindano, hakuna kamba, mtu hachezi na pembe. Lakini tahadhari: Ulaya kipimo cha tangi husoma kundi moja la mfugaji mmoja. Hapa kwetu tangi moja limebeba maziwa ya makumi ya wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu. Jibu lake ni la njia nzima ya ukusanyaji. Ukitaka kujua ni nani, chukua sampuli kwenye kopo la mfugaji kabla halijamiminwa, na hata hapo kumbuka kwamba kingamwili ni chache kwenye maziwa kuliko kwenye damu. Chama kinachotaka kujua njia ipi ipewe kipaumbele cha elimu na dawa kitapata thamani nzuri hapa. Mfugaji wa ng'ombe wawili asijisumbue.

Vimeng'enya vya ini, kama GGT, hupanda mirija ya nyongo ikiumia. Ni kiungo cha nyongeza kwa daktari, hakimtaji mhalifu.

Ini kichinjioni

Ukaguzi wa nyama upo kisheria, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya Kenya, Sura ya 356, na kila siku unazalisha taarifa ambayo wafugaji hawaiulizii. Mkaguzi hupasua mirija mikuu ya nyongo upande wa ndani wa ini na shina la kile kipande kidogo pembeni, kisha hukamua. Kinachotoka ni nyongo nzito ya kahawia yenye mchanga mchanga, na ndani yake minyoo. Gigantica ni mrefu, milimita 25 hadi 75, amechongoka kama jani la mwarobaini. Hepatica ni mfupi, mabega mapana, mara nyingi milimita 20 hadi 30. Kwa ng'ombe wa zamani mirija imekauka chokaa, na kisu kikipita kinakwaruza kama kinakata ganda la yai. Sauti hiyo mkaguzi huijua akiwa ameangalia pembeni.

Ila maambukizi machache hupita. Mikato miwili haioni minyoo mitatu iliyo kwenye tawi dogo. Ukiruhusiwa, kata ini vipande vya sentimita 1 na ukamue kila kimoja. La pili ni asili ya mnyama. Fahali aliyechinjwa Kisumu huenda alinunuliwa mnadani wiki iliyopita kutoka kaunti nyingine, na makovu yake ni ya huko. Taarifa ya kichinjio bila jina la kijiji alikotoka mnyama ni idadi isiyo na anwani. Kwa sababu hiyo fahali wa matanga, aliyezaliwa na kuchinjwa pale pale bomani, ana habari nzuri kuliko kumi wa mjini, mradi kuna mtu wa kulipasua ini kabla halijaingia kwenye sufuria. Lililoharibika lifukiwe. Wasipewe mbwa: ini hilo linaweza kuwa na uvimbe wa maji wa tegu, na huo mbwa huueneza.

Kutafuta konokono

Hiki hakipimi mnyama, hupima mahali. Radix natalensis, ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo wake hufungukia kulia. Bulinus, wa kichocho cha mkojo, hufungukia kushoto. Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo, ni bapa kama kibao cha saa. Kuwaona Radix kunasema malisho yanaweza kuwa hatari. Kutowaona baada ya nusu saa ya kuchota kwa chujio hakusemi pako salama. Vaa buti na glavu ndefu, kwa sababu maji hayo hayo ndiyo ya kichocho.

Na watu je?

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wasiopungua milioni 2.4 wameambukizwa katika nchi zaidi ya 70. Mtu hupata mnyoo huu kwa kula mbichi mimea iliyoota majini au kunywa maji ya mfereji yasiyochemshwa, si kwa kula ini. Lakini ini huharibu kipimo: aliyekula maini ya ng'ombe mgonjwa jana, hata yakiwa yameiva, atatoa mayai yaliyopita tu njiani. Kabla ya kumwandika mgonjwa, mwambie asiguse maini kwa siku 3 au zaidi, kisha pima tena. Mayai yakitoweka, ilikuwa sahani ya chakula.

Kipimo cha Kato-Katz, kipande kidogo cha kinyesi kinachobanwa kwenye kioo cha hadubini, hutumiwa sana kwa ajili ya kichocho cha tumbo. Kipande chake ni miligramu 41.7, kwa hiyo yai moja linaloonekana ni sawa na mayai 24 kwa gramu, na mtu mwenye mnyoo wa ini mara nyingi hutoa machache kuliko hayo. Kutuamisha gramu kadhaa kwa siku tatu tofauti ni bora. Katika miezi ya kwanza, yenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mayai hayapo kabisa. Hapo kingamwili ndizo zinazofaa, pamoja na picha ya ultrasaundi. Eosinofili (aina ya chembe nyeupe) zilizopanda kwenye damu husaidia kidogo tu huku kwetu, maana kichocho na safura nazo huzipandisha. Na mhudumu ajue jambo hili: prazikwanteli inayogawiwa kwa ajili ya kichocho haiui Fasciola. Dawa yake kwa binadamu ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo, kwa amri ya daktari. Chupa ya mifugo ibaki ya mifugo.

Tungechagua nini

Kikundi cha Kano chenye ng'ombe 30 na bajeti ndogo: mchanganyiko wa kumi kumi, gramu 10, kutuamisha, mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Mei na tena Novemba. Waongeze taarifa ya kila ini linalochinjwa kijijini. Hatuoni sababu ya wao kulipia damu.

Kikundi hicho hicho kikishatumia dawa na bado ng'ombe wamekonda: antijeni wiki 2 baada ya dawa, kwa wanyama 6 au zaidi waliokuwa chanya kabla. Ikiwa hasi, acha kulaumu mnyoo wa ini na upime damu kwa nagana na ndigana.

Mwenye kondoo Nyando waliokufa wawili usiku mmoja: kisu, leo.

Chama cha maziwa Nakuru: maziwa ya tangi kwa kila njia, kisha kinyesi kwa wafugaji wa njia zilizosomeka juu. Anayenunua mtamba wa bei ghali kutoka nyanda za chini kumpeleka Molo: kinyesi mara mbili na antijeni mara moja kabla ya kulipa, maana kingamwili zitamnyima biashara nzuri kwa ugonjwa uliokwisha pona.

Sampuli za mifugo hupokelewa na maabara za kanda za uchunguzi wa mifugo, zikiwemo za Nakuru na Kericho, na Kabete kwa vipimo vikubwa. Piga simu kwanza uulize siku gani wanaendesha sahani ya ELISA, la sivyo chupa yako itangoja wenzake. Juu ya chupa, si kwenye kifuniko, andika kwa kalamu isiyofutika: namba ya mnyama, umri, kijiji, tarehe, dawa ya mwisho na siku aliyopewa, na mahali alikolishwa miezi minne iliyopita. Kifuniko huhamia chupa nyingine mtu akishafungua tatu kwa pamoja.